Kabla Hujapanda Mizani

Ramadhani moja, baada ya swala ya alasiri katika Msikiti wa Jamia, Nairobi, nilinunua mizani ya kupimia mafuta ya mwili, nikaipeleka kwa shangazi yangu, Kawangware. Juu ya zulia, uzito ulikuja ovyo. Kwa soksi, mafuta hayakusomeka. Nikaiweka sakafuni, nikapanda miguu mitupu. Lo, mafuta tele! Kumbe mizani hiyo hupitisha umeme hafifu mwilini, na saumu ilikuwa imenipunguzia maji.

Shangazi naye akainua mguu. Nikamshika mkono.

"La, shangazi! Wewe una kifaa cha moyo kifuani."

Umeme huo waweza kukivuruga. Wenye kifaa hicho wasipande, na waja wazito wangoje.

"Basi niletee ile ya kawaida, mwanangu."