Je, Wajua? Picha Hubeba Siri Zake

Picha ya kidijitali huwa na metadata, yaani maelezo yasiyoonekana kwa macho, yanayotaja aina ya kamera, milimita za lenzi, saa ya kupigwa na, pale simu iliporuhusiwa, hata latitudo na longitudo ya mahali. Mfumo wa kuyahifadhi, uitwao EXIF, ulibuniwa Japani mwaka 1995, na leo kiendelezi, ambacho ni programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari cha intaneti, huyafichua kwa kubofya tu picha iliyomo katika ukurasa. Desemba 2012, John McAfee, mwasisi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi, ambaye polisi wa Belize walimtafuta kwa mahojiano, alipigwa picha kwa iPhone 4S, na jarida la Vice, ambalo lingetarajiwa kuwa makini zaidi, likaichapisha bila kuyafuta maelezo hayo, nayo yakaonyesha kwamba yuko Guatemala, ambako alikamatwa siku chache baadaye. Mitandao mingi ya kijamii huyaondoa picha inapopakiwa, hivyo huko kiendelezi huambulia patupu. WhatsApp nayo huyaondoa, isipokuwa picha itumwe kama waraka.