Ngozi Halisi, Mwili wa Kuunda

Taksidemia ni kazi ya kuirudishia ngozi ya mnyama umbo alilokuwa nalo akiwa hai. Wengi hudhani mnyama mzima hukaushwa na kujazwa pamba; sivyo. Nyama hutolewa yote, macho huwa ya kioo, na mwili wa ndani huundwa upya. Fundi wake ni nusu mchinjaji, nusu mchonga sanamu.

Anayejifunza kazi hii Lukole, wilayani Ngara nchini Tanzania, hayuko mbali sana na Burigi-Chato, hifadhi ya taifa tangu 2019, lakini nyati na twiga wa huko si wa kujifunzia. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, hata mnyamapori aliyeokotwa amekufa ni nyara ya Serikali. Kuwa na ngozi yake bila kibali ni kosa. Hivyo mwanagenzi huanza na njiwa wa kufugwa.

Kabla ya kisu ni vipimo: urefu wa mwili, unene wa shingo na kifua. Ngozi mbichi huvutika, na ikishatoka hudanganya. Hupasuliwa kufuata mfupa wa kidari, kisha hutenganishwa na nyama kwa vidole zaidi kuliko kisu, huku unga wa mahindi ukinyunyizwa kunyonya damu na mafuta. Fuvu na mifupa ya mabawa na miguu huachwa, ubongo hutolewa. Mafuta hukwanguliwa, ngozi hupakwa boraksi. Kiwiliwili kipya ni nyasi kavu zilizokazwa kwa uzi, na waya hushikilia shingo, mabawa na miguu. Baada ya kushona, manyoya hupangwa moja moja, na hapo ndipo subira ya wengi huisha.

Kwa sungura, adui ni joto. Ndani ya saa chache bakteria hulegeza manyoya yakanyonyoka, hivyo chumvi nyingi husuguliwa mara moja upande wa ndani, na kesho yake hubadilishwa.

Ngozi ikichakaa, ufundi hausaidii sana. Simba wawili wala watu wa Tsavo, Kenya, waliouawa na John Henry Patterson mwaka 1898, walikuwa mazulia kwa takriban miaka 25 kabla ya kuuzwa mwaka 1924 kwa Makumbusho ya Field, Chicago. Wanaoonekana huko leo ni wadogo kuliko walivyokuwa hai.

Kazi iliyokamilika huwekwa mbali na jua na unyevu, na hukaguliwa mara kwa mara isiliwe na wadudu wa ngozi. Za kale hushikwa kwa glavu, kwani mafundi wa zamani walizipaka arseniki.