Mji Usioacha Kuta

Ndugu askari, azuruye Kilwa Kisiwani huziona kuta za matumbawe na chokaa zilizoshindana na bahari kwa mamia ya miaka. Mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika haukujaliwa kuta za namna hiyo. Wazee wetu walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Mvua na mchwa wakala vyote. Je, hapana basi cha kuzuru?

Kipo. Ukitoka Bujumbura kuelekea kusini, mwendo wa kilomita 10 hivi, utaliona jiwe kubwa la Mugere. Juu yake yamechorwa majina ya Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Katika safari hiyo ndipo walipohakikisha kwamba mto Rusizi huingia ziwani wala hautoki, na kwa hiyo ziwa hili silo chimbuko la Nili.

Endelea na njia hadi Rumonge. Hapa palijengwa mwaka 1879 misheni ya kwanza ya Mapadri Weupe katika Burundi. Tarehe 4 Mei 1881 watu watatu wa misheni hiyo wakauawa, na kituo kikafungwa. Miaka hiyo hiyo majahazi ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa yalikuwa yakivuka kutoka Ujiji. Mkuu wao, Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, alitaka kuitia nchi mkononi. Mwezi Gisabo, mfalme wa Burundi, akamzuia: mwambao uliingiliwa, lakini milima haikupatikana.

Leo, katika mji huo wa michikichi na mafuta ya mawese, mabaki yaliyo hai ni Kiswahili chenyewe, kilicholetwa na misafara ile. Mengine yamelala chini ya udongo, na adui zake ni wawili: jembe la mjenzi, na maji ya ziwa ambayo katika miaka hii ya karibuni yamepanda na kuzimeza nyumba za ufukweni.

Nanyi ndio mnaolinda doria ufukweni na kuchimba mahandaki. Sepetu ikigusa vigae, shanga au majivu ya kale, isimame. Msiviondoe, wekeni alama, mkatoe habari kwa wakuu wenu. Ukuta ukianguka huacha mawe ya kuushuhudia, bali kigae kikishatolewa mahali pake, hakuna tena awezaye kukiuliza kilitoka wapi.