Boti ya mzigo: oili ya pampu au ya kuchanganya?

Boti nyingi za mizigo Ziwa Victoria hutumia injini za mipigo miwili, ambazo oili yake huungua pamoja na petroli. Zipo zenye pampu inayovuta oili kutoka tangi lake na kuipima kulingana na mwendo. Ni nafuu kwa nahodha, lakini pampu ikifa, petroli hufika bila oili na injini hunoki katikati ya maji.

Nyingine huchanganyiwa kwenye dumu: kwa kipimo cha 50 kwa 1, lita 20 za petroli hupata mililita 400 za oili. Hapa hatari ni mkono wa mchanganyaji.

Mfanyabiashara, kabla hujapakia dagaa wako, uliza: injini ni ipi, na dumu limechanganywa na nani?