Baiskeli Juu ya Nchi ya Mawe na Kondoo

Kwetu sisi baiskeli ni chombo cha kazi. Yabeba maziwa, mkaa, mikungu ya ndizi na matenga ya kuku, na mara nyingine yambeba mgonjwa kwenda zahanati. Basi mtu akisikia ya kuwa huko Ufaransa wako watu wazima, wenye akili timamu, ambao hulipa nauli ya gari moshi ili wapate kusukuma baiskeli tupu hadi juu ya mlima, pasipo mzigo wala shughuli, hana budi kucheka. Wasomaji na wacheke kidogo, kisha watuvumilie, kwa maana habari hii ina mambo ndani yake yamhusuyo kila afanyaye kazi kwa mikono yake.

Tusianze na mlima, tuanze na likizo. Kabla ya mwaka 1936 wafanyakazi walio wengi wa viwandani nchini Ufaransa hawakuijua likizo yenye malipo. Siku usiyofanya kazi ilikuwa siku usiyokula. Katika miezi ya Mei na Juni mwaka ule wafanyakazi wapatao milioni mbili waligoma, wengi wao wakakaa ndani ya viwanda vyenyewe na kukataa kutoka. Serikali mpya ya Léon Blum ikapitisha sheria: majuma mawili ya likizo yenye malipo kila mwaka, na kazi ya saa 40 kwa juma. Kiangazi kile kile barabara za Ufaransa zilijaa baiskeli, hata zile za viti viwili, mume mbele na mke nyuma, wakienda kuitazama bahari ambayo wengine hawakupata kuiona maishani mwao. Leo sheria yawapa majuma matano. Ni vema kulikumbuka hilo kabla ya kumcheka mtu apandaye mlima kwa kujifurahisha. Siku anazozitumia hakupewa na mtu, alizidai.

Baiskeli ya milimani yenyewe ilitoka mbali zaidi. Katika miaka ya 1970 vijana wa California, Marekani, walichukua baiskeli kuukuu, nzito, zenye matairi manene, nyingine zimetengenezwa tangu miaka ya 1930, wakazipandisha katika mlima wa Tamalpais na kushuka nazo kwa kasi ya kutisha. Breki ilikuwa ile ya kukanyaga nyuma. Mteremko mmoja uliichoma grisi yote ndani ya kitovu cha gurudumu hata ikatoka moshi, na kila safari sharti kitovu kifunguliwe na kutiwa grisi upya. Mashindano ya mteremko ule yalianza mwaka 1976, na mwaka uliofuata Joe Breeze akatengeneza fremu mpya iliyokusudiwa kazi ile tangu mwanzo. Twende sasa Ufaransa.

Kusini ya nchi hiyo, kati ya milima ya Cévennes na mji wa Millau, ziko nyanda za juu ziitwazo Causses: Sauveterre, Méjean, Noir na Larzac. Ni mawe ya chokaa matupu, yaliyojijenga chini ya bahari ya kale zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. (Wenyeji wa Tanga hawana haja ya kwenda mbali ili kuyafahamu mawe hayo, mapango ya Amboni ni ya namna iyo hiyo, na ya zama zizo hizo.) Mvua inyeshapo juu ya nyanda hizi haifanyi kijito. Maji huchukua hewa ya kaboni kutoka katika udongo, yakawa makali kidogo, yakaila chokaa polepole na kupenya chini kwa nyufa na mashimo, hadi yatokeze tena mamia ya mita chini yake, katika chemchemi za makorongo. Ndiyo sababu uwanda wapata mvua nao hauna maji. Wenyeji hutandaza mawe katika kibonde, wakafanya lambo la duara ambalo kondoo hunywea, huliita lavogne. Mwendesha baiskeli asiyechukua maji ya kutosha mgongoni huujua ukweli huu kabla ya saa sita mchana.

Tuchukue njia moja. Kutoka Millau, mji ulio chini katika makutano ya mito ya Tarn na Dourbie, mtu hupanda kwenda Causse Noir, yapata mita 400 na zaidi kwenda juu. Hapa gia ndogo ndiyo rafiki, na aonaye haya kuitumia hushuka na kusukuma. Huko juu aingia katika msitu wa misonobari. Njia imefunikwa na majani yake membamba makavu, laini kama zulia. Gurudumu halitoi sauti, na harufu ya utomvu yajaa puani. Lakini zulia lile laficha mizizi, na mzizi uliolowa huitupa baiskeli kando kama ganda la ndizi.

Misonobari hiyo ina kisa chake. Mingine ni ya asili. Mingine, yaani ile myeusi ya kutoka Austria, ilipandwa na watu. Katika karne ya 19 milima ya sehemu zile ilikuwa imenyolewa kwa kukata kuni na mkaa, na kwa makundi ya kondoo yaliyopita kiasi. Mvua zikaporomosha udongo, mafuriko yakavunja vijiji. Katika mlima wa Aigoual bwana misitu Georges Fabre, akishirikiana na mtaalamu wa mimea Charles Flahault, alitumia miaka mingi kuurudisha msitu. Wachungaji hawakumpenda, wala si ajabu, maana kila shamba la miti lilikuwa malisho yaliyofungwa. Leo mambo yamepinduka. Mbegu za msonobari mweusi huchukuliwa na upepo na kuota katika malisho ya wazi ya Causse Méjean, na wafugaji wanahangaika kuzing'oa, kwani uwanda ukiwa kichaka kondoo hawana chakula. Kwa hiyo mti mmoja uliponya mlima huu na kuusumbua uwanda ule. Yeye apitaye kwa baiskeli aona kivuli tu na kufurahi.

Ng'ambo ya msitu yako mawe ya Montpellier-le-Vieux, yasimamayo kama mji uliohamwa: minara, malango, barabara. Mjenzi wake ni maji yale yale, yaliyokula sehemu laini na kuacha sehemu ngumu. Kutoka hapo njia yatumbukia katika korongo la Dourbie, na huu ndio mteremko ambao watu hutoka mbali kuutafuta. Mwendeshaji husimama juu ya pedali zilizo sawasawa, viuno nyuma ya kiti, kidole kimoja au viwili katika kila breki, macho yakitazama mita kumi mbele wala si chini ya gurudumu. Chokaa kavu hushika tairi kama msasa, na mawe yake yenye ncha huchana mpira. Chokaa iliyolowa ni sabuni. Upande mmoja ukuta, upande wa pili hewa. Juu ya makorongo hayo yazunguka matumbusi, ndege waliokuwa wametoweka kabisa hata wakarudishwa, wa kwanza wakifunguliwa mwaka 1981 katika korongo la Jonte. Wafugaji waliafiki, kwa kuwa tumbusi huondoa mizoga ya kondoo bila kudai ujira.

Ng'ambo ya mto mtu hupanda tena, jua likimchoma shingo, hadi Larzac. Maziwa ya kondoo wa huku hufanya jibini ya Roquefort, na ngozi za wana-kondoo ndizo zilizoufanya Millau kuwa mji wa washona glovu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1971 serikali ilitangaza ya kuwa kambi ya jeshi, iliyokuwa na hektari zipatazo 3,000, itapanuliwa hadi hektari 17,000. Wakulima hawakuulizwa. Mwezi wa Machi mwaka 1972, wakulima 103 kati ya 107 waliokusudiwa kuondolewa waliapa kwa sahihi zao ya kuwa hawatauza ardhi. Walipeleka kondoo Paris, wakawachunga chini ya mnara wa Eiffel. Walijenga zizi kubwa la mawe pale La Blaquière pasipo kibali, kwa mikono ya watu wa kujitolea. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha saa cha Lip, waliokuwa katika mgogoro wao wenyewe huko Besançon, walikuja uwandani kusimama pamoja nao. Mwaka 1978 wakulima walikwenda Paris kwa miguu, yapata kilomita 700. Mwaka 1981 François Mitterrand alipochaguliwa kuwa Rais, mpango ulifutwa.

Lililofuata halisemwi sana, nasi twaliona kuwa kubwa kuliko maandamano yote. Ardhi ambayo jeshi lilikuwa limekwisha kuinunua, hektari zipatazo 6,300, haikuuzwa tena kwa mwenye fedha. Ilibaki mali ya dola, na tangu mwaka 1985 yasimamiwa na chama cha wakulima wenyewe. Mkulima hupewa kuitumia hadi siku ya kustaafu kwake, kisha hupewa mkulima mwingine. Kambi ya zamani ipo bado, nayo huzungukwa. Baiskeli haipiti humo.

Kama mpango ule ungalitimia, sehemu kubwa ya njia hizi leo ingalikuwa uwanja wa mizinga. Nazo hazikuchongwa kwa ajili ya baiskeli, bali kwa kwato za kondoo waliopelekwa malishoni kila mwaka. UNESCO ilipoziandika Causses na Cévennes katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, iliziandika kama nchi iliyoumbwa na kazi ya wafugaji. Kwa hiyo lango lililofungwa hufungwa tena baada ya kupita. Na kwa kuwa mbwa-mwitu wamerejea katika sehemu hizo, wako mbwa wakubwa weupe walalao katikati ya kundi. Wakiinuka, mtu hushuka, huiweka baiskeli kati yake na mbwa, huizunguka mifugo kwa mbali akienda taratibu, wala harushi jiwe.

Jioni njia yafika La Couvertoirade, kijiji kidogo ndani ya kuta za karne ya 15. Nje ya ukuta liko lambo la mawe yaliyopangwa kwa duara, limeteremka kama sahani. Vumbi jeupe limewapaka waendeshaji hadi nyusi, na chupa zao ni tupu. Lakini maji yale ni ya kondoo. Wao huulizia bomba kijijini.