Maji Yaliyochemshwa: Ni Nini Kimebaki Ndani?

Leo tuanze na sufuria ya maji jikoni kwako, uwe Voi mjini, Mwatate, Wundanyi au Taveta.

Wewe ni mzazi mwangalifu. Maji ya kisima unayachuja kwa kitambaa, unayachemsha, unayapoza na kuyafunika. Hata hivyo, mtoto ameota meno ya ukubwani yenye madoa ya hudhurungi. Majirani wanasema hapigi mswaki. Je, ni kweli? Ili tupate jibu, tujue kwanza maneno matatu: elementi, kampaundi na mchanganyiko.

Elementi ni kitu cha asili moja tu. Hata ukichome vipi, hakigawanyiki kikatoa vitu vingine. Dhahabu, chuma, oksijeni na klorini ni elementi.

Kampaundi ni elementi mbili au zaidi zilizoungana zikawa kitu kipya chenye tabia mpya. Sodiamu ni metali inayoweza kulipuka ikitiwa majini. Klorini ni gesi ya sumu, iliyotumiwa vitani huko Ulaya mwaka 1915. Zikiungana, unapata chumvi ya mezani! Maji nayo ni kampaundi ya haidrojeni na oksijeni.

Mchanganyiko ni vitu vilivyo pamoja bila kuungana. Kila kimoja hubaki na tabia yake, kama mahindi na maharagwe ndani ya githeri. Maji ya bahari pia ni mchanganyiko. Kule Gongoni, kaskazini mwa Malindi, maji hayo huanikwa juani. Maji hupaa, chumvi hubaki.

Shika hapo, msikilizaji: maji hupaa, chumvi hubaki. Ndivyo ilivyo hata katika sufuria yako.

Maji ya kisima ni mchanganyiko wenye mambo matatu:

1. Tope na takataka. Hizi huondoka kwa kutuliza maji na kuyachuja.

2. Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Hivi hufa maji yakitokota vizuri, au yakitiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa nusu saa.

3. Chumvi zilizoyeyuka. Hizi hupita kwenye kitambaa pamoja na maji. Moto hauziui, kwa kuwa hazina uhai. Maji yakipungua kwa kuchemka sana, zenyewe huzidi kukolea.

Katika kundi hilo la tatu kuna floraidi. Hii hutokana na elementi iitwayo florini, ambayo ardhini hupatikana imeungana na elementi nyingine ndani ya mawe. Mawe ya volkano, kama ya pande za Kilimanjaro, mara nyingi huwa nayo. Maji yakipita humo chini kwa chini, huiyeyusha na kuja nayo hadi kisimani. Haina rangi wala harufu, na ulimi hauitambui. Kwa hivyo usidhani kisima kisicho na chumvi mdomoni ni salama.

Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, huyaharibu yangali yanajengeka ndani ya ufizi, hasa kabla ya umri wa miaka 8. Mswaki hauwezi kuyafuta madoa hayo. Basi usimchape mtoto wala kumcheka! Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa hukakamaa na kuuma. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji.

Ufanye nini?

Kwanza, usiache kuchemsha maji. Kipindupindu huua kwa saa chache.

Pili, muulize afisa wa afya ya umma au ofisi ya maji jinsi ya kupima maji ya kisima chenu. Ni kipimo pekee kinachoonyesha floraidi. Kikundi chenu kinapochimba kisima kipya, dai kipimo hicho kabla ya watu kuanza kunywa.

Tatu, ikizidi, kinga maji ya mvua ya vuli na masika kutoka kwenye paa safi la mabati. Mvua haijapita kwenye mawe. Yachemshe, kisha uyatenge kwa kunywa na kupikia watoto wadogo. Ya kisima yatumike kufulia na kuogea.

Nne, punguza magadi katika maharagwe, kwani baadhi ya magadi yana floraidi nyingi.

Kumbuka: kitambaa ni cha tope, moto ni wa vijidudu, na chumvi iliyoyeyuka hujulikana kwa kupimwa.