Juu ya Meza na Chini ya Meza: Siasa za Klabu ya Wanafunzi MIT

Klabu ya Treni za Mfano ya chuo cha MIT, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ilianzishwa na wanafunzi katika mwaka wa masomo wa 1946–47. Makao yake yalikuwa chumba kimoja cha Jengo Namba 20, jengo la mbao lililosimamishwa harakaharaka mwaka 1943 kwa ajili ya utafiti wa rada wakati wa vita. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, klabu hiyo ya treni ndiyo iliyokuwa maskani ya wanafunzi waliopenda kompyuta kuliko kitu kingine chochote chuoni. Safari hiyo kutoka reli hadi kompyuta haikukosa mivutano.

Mgawanyiko wa kwanza ulifuata meza yenyewe. Juu yake palikuwa na reli, vilima, madaraja na nyumba ndogo, na kundi moja la wanachama lilitumia muda wake kuchonga, kupaka rangi na kusoma historia ya treni halisi. Chini ya meza kulikuwa na msitu wa nyaya na swichi za simu, nyingi zikiwa za msaada, zilizowezesha watu kadhaa kuendesha treni tofauti kwa wakati mmoja. Huko ndiko ilikokuwa himaya ya Kamati Ndogo ya Ishara na Umeme. Kwa vijana wa kamati hiyo, treni ilikuwa kisingizio tu. Kilichowavutia ni mfumo unaoiendesha.

Makundi hayo hayakulingana kwa ladha, lakini yalihitajiana: mandhari bila umeme haisogei, na nyaya bila treni hazina la kuendesha. Kila upande ukapewa eneo lake. Zaidi ya hayo, heshima ndani ya klabu ilipimwa kwa kazi. Mwanachama mpya alipewa ufunguo wa chumba baada ya kutimiza saa 40 za kazi kwenye reli, na tangu hapo aliweza kuingia saa yoyote. Wadhifa wa uongozi peke yake haukumpa mtu sauti kubwa. Aliyesikilizwa ni yule ambaye kazi ya mikono yake ilionekana.

Kanuni hiyo ilipata mtihani vijana wa nyaya walipogeukia kompyuta, kwa kuwa kompyuta haikuwa mali ya klabu. IBM 704 ya chuo ililindwa na waendeshaji maalumu: mtumiaji aliwakabidhi kadi zake zilizotobolewa, kisha akasubiri majibu. Mambo yalibadilika mwaka 1958 ilipofika TX-0, mashine ambayo mtu aliweza kuketi mbele yake na kuiamuru mwenyewe. Jack Dennis, aliyewahi kuwa mwanachama, aliwafungulia njia ya kuitumia vijana kama Peter Samson na Alan Kotok. Hata hivyo, watafiti ndio waliotangulia kwenye ratiba, hivyo wanafunzi walivizia saa za usiku, au nafasi ya aliyejiandikisha asitokee.

Mwaka 1961 kampuni ya DEC iliipa MIT kompyuta ya PDP-1, ambayo mwaka uliofuata Steve Russell na wenzake waliitumia kutengeneza mchezo wa Spacewar!. Mashine hiyo pia ilizua ugomvi. Steven Levy, katika kitabu chake cha 1984 kuhusu vijana hao, anaeleza kwamba baadhi yao waliifungua usiku na kubadili nyaya zake ili kuiongezea uwezo. Programu ya Margaret Hamilton, aliyekuwa akifanya kazi ya hali ya hewa na baadaye akaongoza uandishi wa programu za vyombo vya Apollo, ikagoma kufanya kazi, naye akalalamika vikali. Vijana waliona wameiboresha mashine; kwake yeye, walikuwa wamegusa kitu cha watu wote bila idhini. Desturi ya anayeweza ndiye anayeamua ilifaa chini ya meza ya klabu, lakini iliwaumiza watumiaji wengine ambao hawakuwamo katika makubaliano hayo.

Mvutano mwingine ulihusu jinsi ya kugawana kompyuta. Mwezi Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa pamoja, kila mmoja akiwa na neno lake la siri. Vijana wengi waliupinga: waliona unapunguza kasi ya mashine na kuwanyang'anya mamlaka kamili juu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Richard Greenblatt, mwanachama wa klabu, na wenzake waliandika mfumo wao, ITS, ambao jina lake liliikejeli CTSS. Haukudai neno la siri, na ulikuwa na amri ya kuuzimisha ambayo mtu yeyote angeweza kuiandika, ili kuuangusha kusiwe na ushujaa wowote.

ITS ilitumika MIT hadi 1990. Uwazi wake uliwafaa watu wachache waliofahamiana na kuaminiana. Watumiaji walipoongezeka, kanuni na maneno ya siri vilihitajika. Desturi ya kupima watu kwa kazi nayo ilikuwa na gharama: iliwapendelea walioweza kukesha, na wanawake walikuwa nadra miongoni mwao.